Idjwi: Watu Wengi, Ardhi Kidogo, na Maji Pande Zote



Katika safu hii tumezoea kutembelea jamii ndogo za nchi yetu, zile ambazo magazeti makubwa huzisahau mpaka siku ya msiba. Juma hili twavuka maji. Twakwenda Idjwi, kisiwa kilicho katikati ya Ziwa Kivu, baina ya Kongo na Rwanda. Sisi wa Bukavu twakijua hasa kwa mananasi yake, maana kila yanapofika gatini mananasi makubwa yenye harufu tamu, wachuuzi hupiga kelele, “Ya Idjwi hayo!” Lakini mtu hajui nchi kwa kula matunda yake tu. Yafaa tuwajue na watu walioyalima, jinsi wanavyoishi, na lile linalowaumiza.

Nchi yenyewe

Ziwa Kivu liko juu sana, yapata mita 1,460 kupita usawa wa bahari, na kina chake hushuka karibu mita 480. Halina mamba wala kiboko, hivi kwamba watoto huoga ufukoni bila hofu ya mnyama. Kisiwa cha Idjwi ni kikubwa kuliko visiwa vyote vya ziwa hilo. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 300, na vilele vyake hupita mita 2,000. Katika maziwa yote ya Afrika, kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Victoria nchini Tanzania, ndicho kinachokishinda kwa ukubwa.

Kwa serikali, Idjwi ni teritwari ya jimbo la Kivu ya Kusini. Mji wake mkuu ni Bugarula, upande wa kaskazini. Kisiwa kimegawanyika katika tawala mbili za kienyeji, kila moja na mwami wake: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Kwa Kanisa, kisiwa chote ni sehemu ya Jimbo Kuu la Bukavu. Lugha ya nyumbani ni Kihavu, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kimashi. Lakini sokoni, shuleni na ndani ya boti, Kiswahili hutumika sana.

Sasa tuwape wanafunzi hesabu kidogo. Wakaaji wa Idjwi ni zaidi ya 200,000. Tukikigawa kisiwa sawasawa kwa watu hao, pamoja na milima, miamba, njia na makaburi, kila mtu atapata kiwanja cha mita 30 kwa mita 50 tu. Na humo ndimo ajenge, alime maharagwe, muhogo na viazi vitamu, apande migomba na mibuni, afunge mbuzi wake, na abakize kitu cha kuwarithisha watoto. Hesabu hiyo ikumbukwe mpaka mwisho wa makala haya, kwa kuwa karibu kila jambo la Idjwi, jema na baya, latoka humo.

Wafalme na koo

Wengine hudhani kwamba watu wa kisiwa ni watu wa asili moja, walioketi peke yao tangu zamani. Sivyo. Wazee wa Idjwi husimulia kwamba koo zao zilitoka pande nyingi za ziwa: wengine magharibi, wengine mashariki ambako leo ni Rwanda, wengine kusini. Mwanahistoria Mmarekani David Newbury, aliyekaa kisiwani katika miaka ya 1970 akiwasikiliza wazee hao, alitoa mwaka 1991 kitabu kizima juu ya wafalme na koo za Idjwi. Aonyesha kwamba mwanzoni mwa karne ya 19, Mwendanga wa ukoo wa Basibula aliuanzisha ufalme kisiwani, akizikuta koo zilizokuwapo tayari.

Jambo la kutufunza ni hili: ufalme ule haukusimama kwa mkuki peke yake. Kila mwaka ilifanyika sherehe ya muganuro, yaani ya kuonja nafaka mpya. Katika sherehe hiyo koo mbalimbali zilikuwa na kazi zao maalumu, na kazi ya ukoo mmoja haikuweza kufanywa na ukoo mwingine. Kwa hiyo hata mfalme alihitaji watu wasio wa nyumba yake, la sivyo sherehe isingetimia na mwaka usingefunguliwa. Wageni waliotoka pande mbalimbali wakajiona kuwa watu wa nchi moja, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mahali pake. Wasomaji wetu wafikiri juu ya neno hilo, “mahali pake”, kwa kuwa tutalirudia.

Dhiki pia zilikuja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Rwabugiri, mfalme wa Rwanda, alikishambulia kisiwa mara kwa mara kwa mitumbwi, na Mwami Kabego, mwana wa Mwendanga, akauawa. Idjwi ikatawaliwa na Rwanda. Rwabugiri alipokufa mwaka 1895, ukoo wa Kabego ulirudi ukashika utawala. Lakini wakati huo Wazungu walikuwa wamekwisha kuliona ziwa: Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alilifikia mwaka 1894. Kisha wakubwa wa Ulaya walikutana Brussels mwaka 1910, wakapiga mstari majini. Idjwi ikawa ya Kongo ya Wabelgiji, na ukingo wa mashariki ukawa wa Wajerumani. Mtu aliyekuwa na shangazi yake ng'ambo ya pili akaambiwa kwamba shangazi yuko nchi ya kigeni. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Wajerumani wakakiteka kisiwa mwezi wa Septemba 1914, na Wabelgiji wakakirudisha mwaka 1916. Wenyeji hawakuulizwa lolote na upande wowote.

Baadaye zikaja kampuni za mashamba. Jamaa ya kikabaila ya de Ligne, kutoka Ubelgiji, ilipata ardhi kubwa kisiwani, ikapanda kahawa na mikwinini. Hapo ndipo wakaaji wa Idjwi walipoanza kuona kwamba hata juu ya kisiwa, ardhi yaweza kuwa ya mtu asiyeonekana.

Kazi za mikono

Tukiulizwa watu wa Idjwi huishi kwa nini, twajibu: kwa jembe na kwa wavu. Zamani mgomba ulikuwa benki ya kila nyumba. Ndizi zililiwa, nyingine zikaiva zikakamuliwa kuwa kasiksi, na kasiksi ikalipa ada ya shule, ikalipa daktari, ikapokea wageni wa arusi. Lakini tangu mwaka 2001 ulionekana mashariki ya Kongo ugonjwa wa mnyauko wa migomba. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukilikata tunda waona ndani limeoza na kuwa na rangi ya kutu. Panga lililokata mgomba mgonjwa, likipelekwa kwa mgomba mzima bila kusafishwa, hupeleka ugonjwa. Ulipofika kisiwani, nyumba nyingi ziliona benki yao ikianguka. Twapenda kuwakumbusha wakulima wote, si wa Idjwi tu: ukateni ua dume kwa kijiti chenye panda, lisafisheni panga kwa moto au kwa dawa ya jiki, na mgomba mgonjwa ung'olewe bila kusikitikiwa.

Uvuvi nao una habari yake. Samaki wadogo waitwao sambaza, ambao leo huliwa kila nyumba ya Goma na Bukavu, hawakuwamo katika Ziwa Kivu zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mnamo mwaka 1959, wakazaana vizuri. Wavuvi huwatafuta usiku usio na mbalamwezi. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa juu ya maji, samaki huufuata mwanga, na wavu huinuliwa kutoka chini. Wapiga makasia huimba ili mikono yao iende pamoja. Anayekaa ukingoni usiku wa giza huona taa zimetapakaa ziwani kama kijiji, na husikia nyimbo zikitoka majini. Asubuhi wanawake huwanunua samaki, huwaanika juani, na kuwapeleka masokoni. Lakini wako pia wanaovua vifaranga kwa chandarua cha mbu. Hao wanakula mbegu, na mkulima aulaye mbegu yake hana haki ya kuilaumu mvua.

Kuhusu maji yenyewe, tuseme neno kwa akina mama. Ni ajabu kuona watu waliozungukwa na maji wakipata taabu ya maji. Nyumba nyingi ziko juu mlimani, na wanawake na wasichana hupanda na bidoni mgongoni. Maji ya ziwa huonekana safi kama kioo, kumbe kipindupindu hukaa humo, na pande zote za Ziwa Kivu kimekwisha kuua wengi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mtoto afundishwe kunawa mikono kabla hajafundishwa kuandika jina lake.

Tena chini kabisa ya ziwa hilo mna hewa nyingi iliyoyeyuka, mojawapo ikiwa ile iwakayo moto, metani. Upande wa Rwanda, tangu mwaka 2016, mtambo uitwao KivuWatt huitoa hewa hiyo na kuigeuza kuwa umeme. Hewa nyingine ni ile ya ukaa, ambayo mtu akiivuta kwa wingi hufa. Katika Ziwa Nyos, nchini Kameruni, hewa ya namna hiyo ilifumuka ghafula tarehe 21 Agosti 1986, ikaua watu kama 1,700 usiku mmoja. Kwa hiyo wataalamu huliangalia Ziwa Kivu kwa makini. Lakini nyumba nyingi za Idjwi bado hazina umeme. Mama apikaye kwa kuni, mlimani palipobaki miti michache, akaa juu ya hazina ya moto asiyoweza kuigusa.

Njia ya usiku

Sasa twafika kwenye kahawa, na kwenye habari ya machozi. Udongo wa Idjwi, urefu wa milima na ukungu wa ziwa huifaa sana kahawa ya arabika. Lakini kwa miaka mingi mkulima hakuwa na mahali pa kuiuzia kwa bei ya haki. Upande wa Kongo, kodi zilikuwa nyingi na wanunuzi wachache. Ng'ambo ya mashariki, Rwanda, palikuwa na viwanda vya kuoshea kahawa na fedha taslimu. Basi wanaume wakapakia magunia mtumbwini usiku, ili wasionekane na askari wa upande wowote, wakapiga kasia gizani kuelekea ng'ambo. Wengine walibadilisha kahawa kwa sabuni, nguo na unga.

Ziwa Kivu si kidimbwi. Dhoruba hushuka kutoka milimani bila kubisha hodi. Mtumbwi uliojaa magunia hupinduka mara moja, na gunia lililolowa huvuta chini. Wengi hawakurudi. Jua likichomoza, mke husimama ufukoni akitazama maji. Siku ya pili husimama tena. Siku ya tatu watu wa nyumbani humwondoa wakamketisha. Na kwa kuwa mume alikwenda kwa magendo, hakuna ofisi iliyoandika jina lake. Hivyo walizaliwa wajane wengi wa kahawa, na mayatima wao. Kikombe cha kahawa mezani kwa mtu wa mbali hakimwambii anywaye kwamba mbegu zake zilivuka usiku, na kwamba gunia lililofuata halikufika.

Twafurahi kusema kwamba kitu kimetendeka. Katika miaka ya 2010, wakulima wenyewe walianza kuungana katika vyama vya ushirika, na viwanda vidogo vya kuoshea kahawa vikajengwa kisiwani. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni Bi. Marceline Budza, mwanamke wa Kivu, aliyeanzisha mwaka 2013 chama cha Rebuild Women's Hope kwa ajili ya wanawake wakulima, wajane wakiwamo. Kazi yenyewe si ya uchawi. Buni huchumwa zikiwa nyekundu tu. Siku ileile humenywa kwa mashine. Huachwa zichachuke kidogo. Huoshwa kwa maji safi. Kisha huanikwa juu ya vitanda vya wavu, na wanawake huzichambua moja moja, wakitupa iliyovunjika au iliyotobolewa na wadudu. Kahawa iliyotunzwa hivyo hupata bei nzuri, nayo huweza kuuzwa mchana, kwa risiti, bila kuogopa mtu. Kwa mwanamke aliyekuwa mchukuzi wa magunia ya wengine, kushika fedha yake mwenyewe ni jambo kubwa. Nasi twawaambia wanaume wanaonung'unika juu ya fedha ya wake zao: ni heri mke mwenye daftari la ushirika kuliko mjane mwenye picha ya mumewe ukutani.

Hata safari za halali zina hatari. Mwezi wa Aprili 2019 boti moja ilizama upande wa Kalehe, watu wengi wakapotea, na Rais Félix Tshisekedi alifika mwenyewe kuwafariji wafiwa, akaagiza kila msafiri avae jaketi la kuokolea. Sheria hiyo ilikuwa njema. Lakini sheria haivai jaketi kwa niaba ya mtu. Mwenye boti anayepakia watu kupita kiasi, na msafiri anayekubali kupanda kwa sababu ana haraka, wote wawili wanacheza na uhai ambao si wao walioutoa.

Kisiwa cha amani

Watu wengi hukiita Idjwi kisiwa cha amani, nao wana sababu. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari yalipotokea Rwanda, maelfu ya wakimbizi walivuka maji wakafika Idjwi. Watu waliokuwa na kiwanja kile cha mita 30 kwa 50 waliwapokea watu wasio na kitu kabisa. Kisha vikaja vita vya Kongo vya tangu 1996 mpaka 2003, vilivyoiteketeza Kivu. Vijiji vya ng'ambo vilichomwa, watu wakauawa, wanawake wakatendewa yasiyotamkika. Katika miaka hiyo Idjwi iliepushwa na mengi ya maovu hayo, na vikundi vya wapiganaji vilivyozaliwa kila bonde la bara havikuota mizizi kisiwani.

Kwa nini? Wengine husema ni maji: askari hapendi kwenda mahali asipoweza kukimbia. Wengine husema ni wazee na wami, wanaoamua ugomvi mapema kabla haujawa na damu. Wengine husema ni ule ujirani wa koo wa tangu zamani. Sisi twadhani kwamba kila jibu lina sehemu yake ya ukweli. Ila tusidanganyike kwamba amani ni kama mlima, ambao ukiisha kuwapo haundoki. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari, na Bukavu mwezi wa Februari. Miji miwili ambayo Idjwi huuzia mananasi, samaki na kahawa, na ambako wagonjwa na wanafunzi wake huenda, iliangukia vitani karibu wakati mmoja. Maji yaliyomkinga mtu wa kisiwa ndiyo hayohayo yaliyoweza kumfungia ndani. Basi amani hailetwi na maji. Yabidi watu waitengeneze kila siku kwa mikono yao.

Wenyeji wa kwanza

Hapa twaomba wasomaji watuvumilie, kwa kuwa twataka kusema jambo ambalo wengine hawapendi kulisoma. Kisiwani wako watu waitwao Bambuti, au Batwa. Wao, na jirani zao pia, husema kwamba walikuwapo kabla ya wote, wakati Idjwi ilipokuwa msitu. Waliishi kwa kuwinda, kwa asali, kwa mizizi na majani ya dawa. Msitu ulikatwa kidogo kidogo, ukawa mashamba ya wenye majembe na mashamba ya wenye hati. Leo vimebaki vipande vidogo tu. Aliyelima alipata shamba. Aliyetegemea msitu hakupata chochote, maana katika macho ya wakubwa, kuwinda si kumiliki.

Wengi wa Bambuti waliishia kukaa juu ya ardhi ya wengine, au ukingoni mwa ziwa, katika vibanda ambavyo mwenye ardhi aweza kuvihamisha apendapo. Huishi kwa vibarua na kwa kufinyanga vyungu. Ufinyanzi wao ni kazi nzuri, lakini sufuria za alumini na ndoo za plastiki zimeuharibu uchumi wake. Mtoto wao akienda shule, wenzake humcheka. Wako watu, tena wabatizwa, ambao hawakubali kunywa katika kikombe kilichogusa midomo ya Mumbuti. Twasema wazi: mtu anayepiga magoti meza moja na ndugu yake Jumapili, halafu Jumatatu akakataa kikombe chake, hajaelewa alichopokea.

Sasa turudie lile neno tulilowaomba mlikumbuke. Ufalme wa kale wa Idjwi ulidumu kwa sababu kila ukoo ulikuwa na mahali pake. Leo, je, Bambuti wana mahali pao? Kisiwa chaweza kuitwa cha amani kwa kuwa hakuna bunduki zinazolia. Lakini mtu asiye hata na mita moja ya kumzikia mtoto wake, amani hiyo aiona namna gani? Hajapigwa risasi, kweli. Lakini hana pa kusimama.

Tusiwatwike watu wa Idjwi peke yao mzigo huu. Hesabu yetu ya mita 30 kwa 50 yaonyesha kwamba hata wakulima wa Bahavu ni maskini wa ardhi. Maskini hugombana na maskini, na mwenye shamba kubwa hutazama tu. Ni rahisi kumwambia mjane wa kahawa ampe jirani yake kipande. Ni vigumu zaidi kuuliza habari za mashamba makubwa ya tangu ukoloni. Hata hivyo njia ziko. Tarehe 15 Julai 2022, nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za watu wa asili Wambilikimo, pamoja na haki yao juu ya ardhi. Tangu mwaka 2019 serikali imetangaza kwamba shule ya msingi ni bure, na tangazo hilo ni la watoto wote, wa Bambuti wakiwamo. Sheria ikikaa Kinshasa bila kuvuka ziwa, ni karatasi. Yahitaji mwalimu atakayemwandikisha mtoto wa Mumbuti kwa jina lake na kumketisha mbele, si nyuma. Yahitaji baraza la mwami litakalompa mfinyanzi hati ya kiwanja chake. Yahitaji ushirika wa kahawa utakaomwandika naye kuwa mwanachama. Yahitaji, mwisho, jirani atakayekipokea kikombe.

Neno kwa wanafunzi

Tumewataja watu wa Ukerewe mwanzoni. Kisiwani huko aliishi Aniceti Kitereza, aliyesoma seminari ya Rubya. Aliona desturi za wazee wake zinapotea, akaketi akaziandika kwa lugha yao, Kikerewe, katika hadithi ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka. Aliimaliza mwaka 1945, na Kiswahili chake kilipigwa chapa mwaka 1980, Kitereza akiwa mzee sana. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Alingoja miaka 35, lakini kazi yake yasomwa hata leo katika nchi za mbali.

Basi enyi wanafunzi wa Bugarula, wa Kashofu na wa vilima vyote vya Idjwi, nanyi wa ng'ambo mnaosoma safu hii, nunueni daftari. Mwulizeni bibi jina la ukoo wake na ulikotoka. Mwulizeni mvuvi mzee jinsi ziwa lilivyokuwa kabla ya sambaza. Mwulizeni mjane jina la mumewe aliyezama, mliandike, kwa kuwa hakuna aliyeliandika. Nendeni na kwa mfinyanzi wa Kimbuti, mkamsalimu kwa heshima, “Shikamoo, mama,” mkaketi chini, mkamwuliza msitu ulikuwaje na ulikuwa na majina gani. Yeye ndiye mwenye kurasa za kwanza za kitabu chenu, na akifa kabla hamjamwuliza, kitabu kitaanzia katikati.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutatembelea jamii nyingine. Kwa leo, kila nyumba izungumze jambo moja jioni, chakula kikiisha: katika kijiji chetu, ni nani asiye na mahali pake? Mkiisha kumtaja, kesho asubuhi mmoja wenu aende akamwamkie.